Mashine Zote Zifungwe

Apollinaire aliingia ndani ya cyber ya Papa Malachie asubuhi ya jumatatu, siku ya soko, chumba kikiwa kimejaa watu, na askari wawili wakimfuata nyuma. Kwapani alibana kisanduku cha kijivu chenye matundu ya nyaya. Jokébed Kyakimwa, mwanamke fundi wa cyber ile, alikitambua kile kisanduku kabla hajamtambua aliyekibeba. Vitu vya namna ile ndivyo vilivyomlisha. Mwenye kukibeba alikuwa hajamwona tangu Kisangani, walipokuwa wanafunzi wa elektroniki, wakipokezana chuma kimoja cha kuchomelea na kunyang'anyana kiti cha karibu na dirisha.

Vita ndiyo iliyowatawanya. Jokébed alirudi kwao Butembo, mara kwa lori, mara kwa miguu, akaanza kutengeneza redio, kisha kompyuta ambazo wafanyabiashara walizileta kutoka Dubai. Apollinaire, mtoto wa kijiji cha Mabalako, aliingia kwa waasi waliokuwa wameshika eneo lote lile, makao yao yakiwa Beni. Walimpa kofia, bastola na kazi ya kusikiliza wanayosema watu.

"Jokébed," alisema akitabasamu. "Ungali unakunja mikono ya shati kama fundi wa gari."

"Na weye ungali unaingia kwa batu bila kubisha. Ile kisanduku ni ya nini?"

Alijua ni ya nini. Aliuliza ili kila mtu asikie.

Cyber ile ilikuwa ya kwanza katika mtaa. Antena yake ilishushwa kwa ndege kwenye uwanja wa Rughenda, vipande vipande, na Jokébed mwenyewe ndiye aliyepanda juu ya bati kuifunga na kuielekeza mpaka ikapata setilaiti. Tangu siku hiyo chumba hakikukaa kitupu. Wenye maduka waliagiza mali, mapasta na masista waliandika makwao, wanafunzi walitafuta vitabu. Lakini wengi zaidi walikuwa ni watu waliotafuta ndugu. Upande wa kusini, ukipita Kanyabayonga, walitawala waasi wengine. Barua ya karatasi haikuvuka, na mtu alivuka kwa kubahatisha. Barua ya mtandao ilipanda juu, ikashuka ng'ambo ya pili, na hakuna kizuizi kilichoisimamisha.

Apollinaire alimvuta Jokébed karibu na meza ya seva. "Uko na swichi hapa. Iko na akili, inapeleka maneno kwa mwenyewe tu. Mi nataka utoe swichi, uweke hii hub yangu. Kiisha uniachie nafasi ya mashine moja kwenye kona. Ni ile tu."

Kwa macho, visanduku vile viwili vilifanana. Swichi ilifanya kama tarishi mzuri: neno la mtu lilikwenda kwa mtu huyo, basi. Hub ilikuwa ya zamani, na kazi yake ilikuwa kupayuka. Neno likiingia kwa tundu moja, ililitangaza kwa matundu yote, na kila mashine ilitegemewa kuwa na adabu ya kuacha yasiyo yake. Mashine ya Apollinaire isingekuwa na adabu.

"Utasoma barua za batu," Jokébed alisema.

"Nitasoma za adui. Kuna batu wanauza nafasi za askari wetu. Juzi vijana walikufa sababu ya barua moja."

"Na Mama Adèle anaandika kwenye mashine ya pembeni. Utamutenga na adui namna gani?"

"Nitasoma zote. Za bure nitaacha."

"Hapana."

"Jokébed..."

"Nimesema hapana. Ile mi hapana fanya."

Askari mmoja alicheka. Papa Malachie, mwenye cyber, alikuwa amekwisha kufika mlangoni, mzee mnene aliyeuza vitenge na baiskeli, mshauri wa kanisa. Jasho lilimtoka ingawa Butembo asubuhi ni baridi.

"Mwana wangu, achia," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa beko na bunduki. Siye tuko na nini? Tuko na souris." Akaonyesha kile kipanya cha kompyuta kilicholala mezani.

Jokébed alikunja mikono kifuani na kusogea kando. Apollinaire akafanya kazi mwenyewe, na aliifanya safi: nyaya hakuzivuta kwa nguvu, na tundu alilochagua ndilo Jokébed angelichagua. Jambo hilo lilimuuma zaidi. Angekuwa mjinga angemdharau. Alipomaliza aliifunika mashine yake ya kwenye kona kwa kitenge, akainama sikioni mwa Jokébed.

"Ukisema kwa mutu, ni weye nitakuja kukamata."

Mchana ule alifika Tamar. Alikuwa mfanyakazi wa kamati ya haki na amani ya kanisa, msichana mwembamba aliyetembea vijiji kwa pikipiki za kuazima. Alikuwa ametoka barabara ya Kanyabayonga, ambako askari walichoma nyumba. Ndani ya disketi yake mlikuwa na ushuhuda wa waliopona, na alitaka uwafikie watu wa haki za binadamu ng'ambo. Jokébed hakumzungusha. Alimwambia yote, na akamwonyesha ile mashine chini ya kitenge.

Tamar akasema, "Yaya, dada yangu, bale batu walinipa majina yabo. Walisema, peleka. Nitabarudilia na kusema nini? Kama niliogopa nguo juu ya meza?"

"Sijasema urudi. Ngoja kidogo."

Nairobi kulikuwa na Ézéchias, mwenzao mwingine wa Kisangani, aliyekimbia vita na sasa alitunza mashine za chuo kimoja. Zamani alikuwa amempa Jokébed nafasi kwenye seva yake ili ajifunze. Jokébed alikaa kwenye kompyuta ya karibu na ukuta, akaweka programu ambayo mafundi hutumia kuchimba njia iliyofungwa kati ya mashine mbili. Kila kinachopita humo huvurugwa kwa hesabu, na anayejua kukivurugua ni yule wa mwisho wa njia peke yake. Toka Butembo mpaka Nairobi ushuhuda wa Tamar ungekuwa uji wa herufi. Nairobi ungefunguliwa na kuendelea na safari.

Ukaenda. Tamar aliinamisha kichwa juu ya kibao cha herufi, akasali kwa Kinande, akaondoka.

Siku mbili baadaye Apollinaire alirudi, safari hii peke yake. Alikaa kwenye mashine yake, akasoma aliyoyakusanya, kisha akavuta kiti karibu na Jokébed. Alisema polepole, kama mtu anayeshauriana na mwenzake wa kazi.

"Mashine ya karibu na ukuta ilisema na Nairobi. Sikusoma hata neno moja. Umefanya muzuri, nakupongeza. Mais lakini niliona kama mutu mumoja anafunga mulango, na bengine wote milango iko wazi. Nani alikaa pale?"

"Batu wengi wanakaa pale."

"Mi najua saa ambayo alikaa. Nitauliza waliokuwa hapa, na kuna mutu atasema. Nakupa mpaka jumamosi, siku ya posho, uniambie weye mwenyewe. Sababu tulisoma pamoja."

Alipotoka, Jokébed aliitazama ile mashine ya karibu na ukuta. Alikuwa amekosea, na kosa lilikuwa la kazi yake mwenyewe. Alifunga mlango mmoja kwenye barabara ambayo milango yote iko wazi, na mlango ule ndio uliomwita mwizi. Kumfunika Tamar peke yake kulikuwa kumwonyesha kwa kidole. Kama mtu mmoja afungiwe, ilibidi wote wafungiwe, mfanyabiashara na mwanafunzi, mwenye siri na asiye nayo, barua ya kifo na barua ya kuuliza bei ya sabuni. Hapo Apollinaire angetazama uji mtupu na asijue aanzie wapi.

Alimwandikia Ézéchias kwa njia ileile: je, mashine yako inaweza kubeba cyber nzima? Jibu lilikuwa fupi. Itakwenda polepole sana, wakubwa wa chuo watapiga kelele, leta.

Hata hivyo hakutaka kuwafungia watu bila kuwauliza. Apollinaire alikuwa amewaingilia kimya kimya, na yeye hakutaka kufanya kama Apollinaire. Kwa hiyo siku ya ijumaa, chumba kilipojaa, alitoka nyuma na kuzima jenereta.

Vioo vya kompyuta vilikufa vyote pamoja. Watu wakapiga kelele. Jokébed aliingia na chaki mkononi, akasimama mbele ya ule ubao mweusi wa kuandikia bei.

"Mutanisamehe. Kelele mutapiga kiisha. Nani hapa hajasema kwa phonie?"

Hakuna aliyeinua mkono. Wote walikuwa wamesema kwa phonie, ile redio ya kwenye maduka makubwa. Unakaa mbele yake na kupaaza sauti mpaka Goma au Bunia, na njia nzima inakusikia, wengine wanakohoa, wengine wanakujibu ingawa hukuwauliza.

"Kaka yangu alipooa bibi wa pili," Jokébed alisema, "ni nani aliyesikia kwa phonie?"

Mikono iliinuka kwa vicheko. Mama Adèle, mwenye duka la vitenge, aliinua miwili.

"Basi muangalie." Alichora kisanduku, akachora mashine kukizunguka, akachora maneno yakitoka kwa mashine moja na kuingia kwa nyingine zote. Alisema swichi ni nini na hub ni nini. Alisema jumatatu ile ni kitu gani kilichobadilishwa na nani alikibadilisha. Kisha alikwenda kwenye kona, akashika kile kitenge na kukivuta. Mashine ya Apollinaire ilibaki uchi, na nyaya zake zote zikaonekana.

"Hii cyber imekuwa phonie. Kila neno mulilolituma wiki hii, huyu alilisikia."

Sasa hakuna aliyecheka. Mama Adèle ndiye aliyesema wa kwanza.

"Mi nilimuandikia binti yangu wa Kampala juu ya ugonjwa wa tumbo la uzazi. Ule kijana wa kofia alisoma?"

"Kama alitaka, Mama, alisoma."

Mama Adèle alikaa, akasimama, akakaa tena. Jokébed aliendelea, kwa sababu hakutaka hasira ya mama ifanye kazi ambayo akili ya kila mtu ilipaswa kuifanya. Aliwaeleza habari ya njia ya Nairobi. Alisema mambo yatakwenda kwa uvivu, na picha zitachukua muda wa kupika maharagwe. Alisema askari watakasirika, na wanaweza kufunga cyber, na anayekutwa ndani anaweza kuulizwa. "Mutu anayetaka kwenda, aende. Hatutamuona mubaya. Mwenye kubaki aseme mbele ya bengine: nifunge ao nisifunge?"

Salomon, muuza mafuta ya gari, alichukua kofia yake. "Mi niko na batoto," alisema, na alisema kwa aibu. Watu walimpisha. Wawili wengine walimfuata.

Waliobaki walitazamana. Melchior, mwanafunzi aliyesomea upadri, alisema, "Funga." Mwingine nyuma yake akasema hivyohivyo. Mama Adèle akapiga meza kwa kiganja.

"Basi donc funga! Funga mashine zote! Ata ile ya batoto ya kucheza karata!"

Papa Malachie alikuwa mlangoni muda wote ule. Jokébed alimwona na kungoja. Antena ilikuwa ya mzee, na kompyuta, na bati.

"Mwana wangu, unaniua," mzee alisema. Akapangusa uso kwa leso yake kubwa, akatoka nje. Jokébed alidhani amekwenda kwa wakubwa wa waasi. Kisha jenereta ikakohoa, ikashika, na vioo vikawaka kimoja baada ya kingine.

Siku ya posho Apollinaire alikuja na askari wengi. Alikuta chumba kimejaa na kimya, watu wakiandika. Alitazama kitenge kilichokunjwa vizuri juu ya mashine yake, akakaa, akaanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu. Kila alipofungua kitu, kilikuwa uji. Mashine ya karibu na ukuta ilisema uji, na ya karibu na mlango vilevile, na zote zilisema na Nairobi.

"Zote," alisema.

"Zote," Jokébed alijibu.

"Ule mutu wa mashine ya ukuta sasa amepotea ndani ya bengine." Alikuwa kama anajisemea. "Ni vile ningefanya." Akageuka. "Jokébed, kuja kwetu Beni. Nitakupa mashine mupya, nitakupa batu wa kufundisha. Unafanya nini na huyu mzee wa vitenge?"

"Ninalinda barua za batu wake."

"Na vijana wetu wanaokufa? Nabo si batu?"

"Ni batu. Tafuta aliyewauza, mukamate, mupeleke kwa muamuzi. Tumbo la Mama Adèle halikuua mutu."

Apollinaire alisimama. Uso wake ulikuwa umefungwa kama mashine zile. Aliwaambia askari wapande juu ya bati na kuishusha antena, na huyu mwanamke aingie ndani ya lori pamoja nayo.

Askari walipanda na nyundo. Jokébed, aliyekuwa ameshikwa mikono, hakuweza kuvumilia.

"Usipige! Iko na skurubu, fungua vis! Ufunguo wa kumi na tatu uko ndani ya sanduku, wanyama ninyi!"

Watu waliokuwa wamesimama uani wakacheka, na machozi yakiwatoka. Askari akashuka kuchukua ufunguo.

Barabara ya Beni ilikuwa ya matope, na lori lilikwama mara mbili njiani. Jokébed alikaa nyuma, mgongo wake kwenye vipande vya antena. Kila lori lilipoingia shimoni aliweka mkono ili kile kikombe cha kupokea mawimbi kisigonge chuma. Alijishangaa. Kifaa kilikuwa kimeibwa, na bado hakutaka kivunjike.

Beni walimweka kwenye nyumba ya zamani ya mzungu wa kahawa, ambayo wakubwa waliigeuza kuwa bureau, ofisi yao. Apollinaire alifunga antena uani. Alijua kazi. Aliigeuza kidogo kidogo, jicho kwenye kipimo, mpaka ikashika setilaiti. Jokébed alitazama kupitia dirisha na kuona taa ya kupokea inawaka.

Kusikia si kazi kubwa. Antena yoyote iliyoelekezwa vizuri husikia. Lakini ili iseme, lazima kituo cha Ulaya kiiruhusu. Setilaiti moja inabeba wengi, na antena iliyofungwa vibaya inaweza kuwakanyaga wengine. Kwa hiyo antena ikihamishwa, fundi aliyeandikishwa hupiga simu, hujitaja na kusema iko wapi, na wale wa Ulaya huipima na kuifungulia. Fundi aliyeandikishwa alikuwa Kyakimwa, Butembo.

Walimtoa, wakampeleka uani. Kanali mmoja, mtu wa tumbo na miwani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha majani, na simu ya setilaiti ilikuwa mkononi mwake.

"Utasema kama mumehamia Beni," Apollinaire alimwambia. "Utasema jina lako na neno lako la siri. Batakufungulia. Kiisha unaenda kwenu, leo hii. Nimeongea na Kanali, amekubali."

"Nikikataa kusema?"

"Usikatae, Jokébed. Nakuomba."

Aliona kwamba anamwomba kweli. Mikono yake, ile mikono safi ya kazi, ilikuwa imejaa matope ya uani. Jokébed alichukua simu. Sauti ya Ulaya ilimjia kwa mbali, ya mzungu wa zamu waliyekuwa wameelekezana naye mara nyingi, asiyewahi kumwona. Alimsalimu kwa jina. Jokébed alijitaja, akatoa neno lake la siri, ili yule mtu awe na hakika kwamba ni yeye. Kisha alisema kwa Kifaransa, polepole, ili hata askari aliyeishia shule ya msingi amwelewe:

"Antena hii haiko tena Butembo. Imechukuliwa na watu wenye silaha, na mimi nimechukuliwa pamoja nayo. Ninaomba muifunge. Musiifungue tena kwa sauti ya mtu yeyote. Hata sauti yangu. Nikipiga siku nyingine kuomba ifunguliwe, mujue nimelazimishwa."

Kanali aliinuka na kumpiga kofi lililomwangusha, na simu ikaanguka majanini. Akiwa chini, Jokébed aliona modemu ya antena juu ya meza iliyowekwa uani. Taa zake zilimetameta kwa muda, kisha ile ya kupokea ikazimika.

"Iwashe!" Kanali alimpigia kelele Apollinaire.

"Haiwezekane, mon colonel. Imefungiwa kule."

"Fungua weye! Si weye unajua?"

"Mi najua hii ya hapa," Apollinaire alisema. "Ile ya kule sina namna."

Walimtia kwenye chumba pamoja na wanawake wengine, waliokamatwa kwa kukosa kulipa vizuizi. Taya lilimvimba. Kwa muda hakujua kama angetoka, na saa nyingine akawa anajihesabia sehemu za kompyuta kwa majina ili asiogope. Hata hivyo, alipojiuliza kama angesema tena vile, jibu lilikuja upesi, na lilimpa nguvu ya kula.

Chakula kilitoka Butembo. Tamar alifika na viazi na maharagwe, na Mama Adèle alikuwa nyuma yake na kitenge kipya cha kujifunika. Ndio waliomwambia kwamba mji umefungwa. Siku aliyochukuliwa, Mama Adèle alishusha mlango wa duka lake, na wa jirani akauliza, na alipojibiwa akashusha wake. Kesho yake soko lilikuwa tupu. Malori ya mali yalisimama, na kwenye vizuizi askari walikaa wakitazama barabara isiyopita kitu. Papa Malachie alikuwa amekwenda kwa wakubwa pamoja na mapasta na mapadri, kofia mkononi, lakini akikataa kuketi walipomwambia aketi.

"Na ushuhuda?" Jokébed alimnong'oneza Tamar.

"Ulifika. Redio za ng'ambo zilisema. Walisema majina ya vijiji, na la kijiji kimoja walikosea kulitamka, mais walisema."

Walimwachilia bila maneno. Mlinzi alifungua tu na kumwambia aende. Nje, kwenye baraza, alimkuta Apollinaire akiwa hana kofia.

"Bananiondoa kwa kazi," alisema. "Sababu yako."

"Utaenda wapi?"

"Sijui. Banaweza kunituma mbele, kwa vita."

"Rudi Mabalako. Kule redio zinakufa na fundi hakuna."

"Unanicheka."

"Sikucheke. Ulikuwa unatengeneza muzuri." Alifikiri kidogo. "Barua za batu ndio hukuwa na haki ya kusoma. Ile mi siisahau, na sikusamehe kwa leo."

Apollinaire aliinamisha kichwa, akampisha apite.

Butembo walimpokea kwa nyimbo, na kesho yake kwa manung'uniko. Miezi ilipita bila mtandao. Wenye maduka walirudi kupaaza sauti kwa phonie. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimtafuta mwanawe huko Goma alimsimamisha njiani na kumwambia usoni kwamba amemkatia njia ya kumpata mtoto. Jokébed alimsindikiza mpaka kwake na kukaa naye. Papa Malachie naye alilalamika kila alipomwona.

"Kama ungesema uongo kidogo kwa ile simu, leo ningekuwa na antena."

"Ingekuwa Beni, Papa."

"Ingekuwa Beni, mais ingekuwa nzima!"

Baadaye ndiye huyo mzee aliyewakusanya wafanyabiashara, mapasta na masista, wakachanga wote ili antena mpya isiwe ya mtu mmoja. Jokébed alikubali kuifunga, ila aliweka masharti yake mbele ya mkutano. Swichi itakaa ndani ya kabati la chuma. Ufunguo wake utakaa kwa watu watatu wasio wa nyumba moja. Kila mashine itafungwa tangu siku ya kwanza, na kila anayeingia ataelezwa kwa nini. Mtu mmoja aliuliza kama hayo yote ni ya lazima. Mama Adèle alimtazama mpaka akakaa.

Antena ilipita Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi, ndani ya makartoni marefu. Jokébed alikwenda kuichukua mwenyewe. Wakiwa njiani kurudi, askari wa kizuizi alisimamisha lori, kijana mwenye macho mekundu, na akagonga karton kwa mtutu wa bunduki.

"Mama, eloko nini oyo? Ni nini hii?"

"Antena."

"Ya nani?"

"Ya batu ya Butembo. Ondoa bunduki juu ya kile, kinavunjika."

"Fungua nione."

"Sifungui. Karatasi za douane, za forodha, ziko kwa dereva, soma. Kama unataka kuona, kuja Butembo, ulipe kama bengine, ukae kwa mashine, uandikie mama yako. Hapana mutu atakayesoma."

Kijana aliduwaa. Nyuma yake mwenzake alikuwa akicheka. Wakati ule karton ya juu, iliyolegezwa na shimo la mwisho, ilianza kuteleza kando ya lori, na Jokébed akaidaka kwa mabega yake yote mawili.

"Usisimame tu!" alisema. "Shika upande ule!"

Askari akatundika bunduki mgongoni, akapanda kwenye gurudumu, akashika.